Kifaa Kibaki Bara: Kigezo cha Teknolojia kwa Wanaojitolea Visiwani

Utangulizi

Tangazo la nafasi ya kujitolea katika kisiwa cha mbali halikosi onyo: intaneti si ya kutegemea, umeme ni wa kubana, boti huja kwa nadra. Wapo wanaolisoma onyo hilo kama orodha ya dhiki, na wapo wanaolipokea kama mwaliko wa kupumzisha akili mbali na simu. Mada hii inatetea msimamo wa tatu. Uchache wa teknolojia kisiwani ni uamuzi wa kikazi, nao upimwe kwa maswali matatu: kifaa hiki kinalinda uhai au kazi gani, nani atakitengeneza kikiharibika, na kikishakufa kitaondokaje? Kifaa kisichopata majibu kibaki bara.

Ushahidi wa visiwa vitatu

Aldabra, katika Ushelisheli, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kisiwa kikuu cha Mahé. Ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1982, na kobe wakubwa wapatao laki moja wanaishi humo pamoja na wahifadhi na watafiti wachache tu. Kisiwa chenye watu wachache hivyo, mtu angetarajia kikose taka. Mwaka 2019 vijana 12 wa kujitolea kutoka Ushelisheli na Chuo Kikuu cha Oxford walikaa huko wiki tano wakizoa plastiki. Waliokota tani 25, na hesabu iliyofuata ikakadiria kuwa tani 513 zilikuwa bado zimesalia, asilimia 83 zikiwa zana za uvuvi: nyavu, kamba na maboya yaliyokuja na mikondo ya bahari. Kuziondoa zote kulikadiriwa kuhitaji saa 18,000 za kazi ya mikono na dola milioni 4.68. Mikono, kwa sababu Aldabra haina barabara, na miamba yake ya matumbawe ya kale imechongoka kiasi kwamba gari halina pa kupita. Funzo langu ni hili: bei ya kifaa haiishii dukani. Nyavu zile zilikuwa na faida kwa mwenyewe, lakini gharama ya mwisho wake imeangukia kisiwa ambacho hakikuzitumia. Anayekwenda kujitolea akabeba betri na mashine asizoweza kuzirudisha, anaongeza kidogo kidogo mzigo uleule aliokwenda kuupunguza.

Kisiwa cha Maatsuyker, kusini mwa Tasmania nchini Australia, kinajibu upande mwingine wa suala. Mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1891, na mwaka 1996 taa ndogo inayojiendesha yenyewe ikachukua kazi ya ile kubwa. Ungedhani binadamu hahitajiki tena. Hata hivyo, watu wa kujitolea hupokezana huko kwa vipindi vya miezi sita, wakiwa wamebeba chakula cha kipindi kizima, bila intaneti wala televisheni. Wanafyeka, wanatunza majengo na kuandika hali ya hewa. Mashine hupima joto na kasi ya upepo. Mawingu, mawimbi na umbali wa kuona vinangoja jicho la mtu aliyetoka nje kila siku kwa wakati uleule. Uchache wa vishawishi hapo unailinda kazi, maana takwimu za aina hiyo zina thamani zikiwa hazikatiki.

Karibu nasi, Chumbe ya Zanzibar, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1994, inaonyesha kuwa uchache hauna maana ya unyonge. Mapaa ya nyumba zake hukinga mvua, maji yakachujwa na kutunzwa chini ya sakafu. Vyoo ni vya mboji, umeme ni wa jua, na miongoni mwa askari wa hifadhi wamo waliokuwa wavuvi wa vijiji jirani. Yote hayo ni teknolojia, tena iliyofikiriwa kwa kina; na sehemu kubwa yake inaweza kutunzwa na watu waliopo, kwa zana zilizopo.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni usalama. Kisiwani mtu huvunjika mguu, huugua malaria, hupotelewa na boti. Ni kweli, na ndiyo maana swali la kwanza la kigezo linaanza na uhai. Redio ya mawasiliano, simu ya setilaiti, sanduku la huduma ya kwanza na akiba ya betri zake vinapita bila mjadala. Umeme usiopotea kwenye burudani ndio utakaowasha redio usiku wa dharura.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba tunasifia maisha ambayo wakazi wa visiwa vyetu, baharini na katika Ziwa Viktoria, wanayataka yaishe. Mama anayejifungua kisiwani hahitaji kuhubiriwa uzuri wa kibatari. Nalikubali pingamizi hili kikamilifu, nami naweka mpaka wazi. Anayejitolea ana tarehe ya kuondoka, mkazi hana. Umeme, zahanati na mawasiliano ni haki ya mkazi, na hoja yangu isitumiwe na yeyote kumnyima. Tena, mgeni anayejipunguzia mahitaji anawaachia wenyeji nafasi katika boti, mafuta na maji vilivyo haba.

Mapendekezo

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mashirika yatwambie mapema jembe hilo ni lipi. Kwanza, kila kituo kiandae orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, kwa kufuata maswali matatu. Pili, mafunzo kabla ya safari yahusu kutengeneza: kubadilisha nyaya za sola, kuziba tangi, kuandika kumbukumbu kwa penseli kwenye daftari lisiloharibiwa na mvua. Tatu, kila kilichoingia na mtu kiandikwe, na aondokapo aondoke nacho, kizima au kibovu. Nne, wenyeji wawepo kwenye meza ya kuamua, kwa kuwa wao ndio watakaobaki na matokeo. Tukifanya hivyo, anayejitolea atapimwa kwa kazi aliyoiacha imekamilika, na kisiwa hakitabaki na deni la ziara yake.