Kamioni iliyolala: tuanzie kwa karabirateri



Tulikimbia Sake mu 2024, wengi tukarudi mu 2025. Kamioni zingine za esanse zilibaki zimelala miezi mingi. Leo zinawaka, lakini zinakohoa na kuzimika kwenye mupando wa Mushaki, mizigo ya mama zetu ikiozea njiani.

Esanse ikilala inageuka kama gundi, inaziba jikleri, kale katundu kanakopitisha esanse. Kwa hiyo musikimbilie visi. Mumwage esanse ya zamani, mubadilishe filtri, mufungue karabirateri, muioshe, mupulize jikleri kwa pompi. Waya hapana! Inapanua tundu, na gari litakula esanse siku zote. Sigara na moto vikae mbali.

Sasa visi ya ralanti. Moteri ikiwa imezimwa, funga visi polepole mpaka iguse, ukihesabu mizunguko. Usikaze. Irudishe pale ilikuwa. Washa, ngoja moteri ipate moto, halafu zungusha robo kwa robo mpaka inguruke sawasawa.

Moshi mweusi ukibaki wakati wa kupanda, angalia filtri ya hewa. Kama ni safi, kumbuka: Sake iko juu ya mita 1400, hewa ni nyepesi. Gari lililopangwa kwa pwani linakunywa esanse kupita hewa yake. Hapo linahitaji jikleri ndogo, si visi.

Mwenye pompi amuazime jirani.