Wajumbe Waliorudi: Dhamira na Ishara katika Kusadikika, kwa Jicho la Usoke



Miaka michache iliyopita niliketi nyuma ya darasa moja huko Usoke, kituo cha Reli ya Kati kilichoko magharibi ya Tabora, nikiwasikiliza wanafunzi wakitaja dhamira za Kusadikika. Walizitaja kwa kasi, kama abiria mzoefu anayetaja vituo: dhuluma, utawala mbaya, ujasiri, ukombozi. Kisha msichana mmoja akauliza jambo lisilokuwamo daftarini: "Mwalimu, wale wajumbe walirudi kwa nini?" Aliambiwa kwamba swali hilo halitoki kwenye mtihani. Mhadhara huu ni jaribio langu la kumjibu.

Shaaban Robert aliitoa Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Hakuiandikia vijana peke yao; shule ndizo zilizoifanya kitabu chao. Nami naiita riwaya ya distopia, yaani riwaya inayosawiri jamii ambayo uovu umekuwa ndio utaratibu wake. Nchi inaelea hewani. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria. Kwa siku sita anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mema aliyoyaona huko. Kila mmoja alitupwa gerezani.

Majina ya wahusika hayatatuchelewesha. Karama na Majivuno wamekwisha kujieleza. Linalonishughulisha ni jina la nchi yenyewe. Shina lake ni sadiki, na nyuma yake kimetiwa kiambishi -ik- cha kauli ya kutendeka. Twaweza kusema "habari ilisadikiwa na wazee". Hatusemi "habari ilisadikika na wazee". Kauli ya kutendwa humwachia mtenda mlango, hata asipotajwa. Kauli ya kutendeka humfungia nje. Kikombe kimevunjika: nani amekivunja? Sarufi haiulizi. (Kila mzazi ameisikia sentensi hiyo kutoka kinywani mwa mtoto.) Sidai kwamba Shaaban Robert aliandika huku ameweka mbele yake jedwali la minyambuliko. Nadai kwamba sikio lake lilichagua jina la nchi ambamo mambo hutendeka tu, wala hakuna anayeulizwa. Ndiyo sababu utetezi wa Karama una uzito mkubwa kuliko hekima yake: kila siku anamrudisha mtu ndani ya sentensi. Fulani alitumwa, alikwenda mahali fulani, alirudi na jambo fulani, akafungwa. Katama Mkangi naye alicheza na jina katika Walenisi (1995). Ukilifungua, wapata sentensi nzima: wale ni sisi.

Sasa turudi Usoke. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilizikata nchi hizi za Unyamwezi, na wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Alfred Swann, mmisionari aliyefika Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1880, aliandika kwamba kijana hakuruhusiwa kuoa kabla ya kupeleka mzigo wa pembe pwani na kurudi na mzigo wa nguo au waya. Hata ikiwa alitia chumvi, neno zito hapo ni kurudi. Aliyekwenda akarudi alihesabiwa mtu mzima. Sitaki kuipamba njia hiyo. Wengi waliipita wakiwa watumwa, wasirudi kamwe. Na njia yaweza kufungwa: Mirambo wa Urambo, jirani ya Usoke, aliwafungia wafanyabiashara wa Tabora mwaka 1871. Lakini Mirambo alimfungia mgeni aliyegombana naye. Kusadikika inamfungia mtoto wake aliyerudi.

Basi, kwa mtazamo huu, safari si ishara ya kutafuta elimu tu, kama daftari zinavyosema. Ishara kuu ni marejeo. Wajumbe walirudi kwa sababu ujumbe hautimii njiani. Mjumbe asiyerudi ni mtoro. Gereza nalo si adhabu ya kwenda, kwani walitumwa. Ni adhabu ya kurudi na kitu. Msomaji aliyelelewa kwenye njia ya misafara ana haki ya kuuona uovu huo mapema kuliko sisi tuliozoea kumtafuta mfalme mbaya.

Kuna mahali ambapo kitabu hakinitoshelezi. Karama anashinda, na wafungwa wanafunguliwa, lakini wanafunguliwa na utawala ule ule uliowafunga, baada ya hotuba nzuri. Nadhani yule msichana hapo angenyoosha mkono tena.