Nafasi ya Jina la Ugonjwa Katika Ushauri Nasaha



Mgonjwa akifika hospitalini, daktari hutaka kwanza kujua anaugua nini. Malaria na homa ya matumbo hazitibiwi kwa dawa moja. Ugonjwa usipotambuliwa, tiba hukosea.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanzisha tiba inayomlenga mtu, hakukubali kwamba matatizo ya moyoni lazima yafuate njia hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1951, alieleza kuwa katika tiba ya namna hii utambuzi unaofanywa na mtaalamu si wa lazima, na unaweza hata kudhuru. Mtaalamu akishakuwa ndiye mjuzi, mteja hukaa akingoja kuelezwa yeye ni nani. Mwaka 1957 Rogers alitaja masharti sita ya mteja kubadilika. Miongoni mwake, mshauri awe mkweli, amkubali mteja jinsi alivyo, na aelewe mambo kama mteja mwenyewe anavyoyaona. Jina la ugonjwa halimo katika masharti hayo.

Chukueni mfano wa mama aliyefiwa na mumewe. Hapati usingizi wala hamu ya kula. Akiandikiwa "sonona" katika dakika ya kumi, mshauri ataanza kutafuta dalili na kuacha kumsikiliza. Huenda kinachomkosesha usingizi ni shamba ambalo mashemeji wanataka kumnyang'anya. Fomu haina nafasi ya kuandika hilo.

Hata hivyo, jambo hili lisieleweke vibaya. Uchovu na huzuni vyaweza kutokana na upungufu wa damu au matatizo ya tezi ya shingo, na kifafa huhitaji dawa. Anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine apewe rufaa ya kumwona daktari. Anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Aliye kwenye dawa asishauriwe kuziacha.

Rufaa inapoandikwa, mteja aelezwe sababu yake, aulizwe anavyoiona, na vikao viendelee. Jina la ugonjwa limfungulie mlango wa matibabu, lisimfunge mdomo kabla hajamaliza kusema.