Buibui na Pilipili Kichaa

Msikilizaji, ukitafuna pilipili kichaa bila kutegemea, ulimi huwaka kana kwamba umelamba kaa la moto. Moto wenyewe haupo. Neva zimedanganywa tu. Mwaka 2006, maabara ya David Julius huko San Francisco, Marekani, ilionyesha kwamba sumu ya tarantula mmoja wa Trinidad hufungua mlango uleule wa neva unaofunguliwa na pilipili. Mmea na buibui, wasiojuana kabisa, wanafungua mlango mmoja! Miaka 10 baadaye, sumu ya tarantula wa Togo iliwafikisha watafiti kwenye mlango mwingine, unaohusika na maumivu ya kubanwa na kudungwa.

Aking'ata mtu, tarantula kwa kawaida huacha uchungu kama wa nyuki, ingawa jamaa zake wa India na Sri Lanka huweza kukakamaza misuli kwa siku kadhaa. Basi kutokana na sumu hizi tutapata lini dawa ya maumivu? Hapo ndipo pagumu. Sumu zile mbili, ya Trinidad na ya Togo, huwasha maumivu, na mgonjwa anataka yazimwe. Zimewaonyesha wanasayansi mlango ulipo. Komeo bado wanalichonga.