Historia Tuwaulize Wenyewe
(Hotuba kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Malampaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya ufundishaji wa historia. Nitasema jambo moja tu: mwanafunzi asiishie kwenye nukuu za mwalimu, bali akutane na maneno ya wenyewe walioyaona mambo.

Chukueni mfano wa Marekani. Kati ya mwaka 1936 na 1938 serikali ya nchi ile iliajiri waandishi waliokosa kazi, wakawaendea wazee waliozaliwa utumwani na kuandika habari zao. Zilipatikana zaidi ya 2,000. Humo yumo mzee anayeeleza viboko, na yumo anayesema bwana wake alikuwa mwema. Mwanafunzi wa kukariri hukwama hapo. Aliyezoea kuuliza atataka kujua aliyeandika ni nani. Wengi walikuwa Wazungu, na wazee wengi walikuwa maskini, baadhi wakitumaini kwamba mgeni yule atawapatia msaada wa serikali. Wahenga walisema, kila mwamba ngoma huvutia kwake. Neno la mzee yule halitupwi, linapimwa.

Kazi hiyo si ngeni nchini kwetu. Kuanzia mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliwaendea wazee kuandika habari za vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907.

Je, sisi wa Malampaka? Pamba ya wazazi wetu ilipimwa kwenye vyama vya msingi, ikasafirishwa kwa reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Mwanafunzi aweza kuyakariri hayo kwa sentensi mbili. Lakini mkulima alipata nini, alipoteza nini? Majibu yamo katika stakabadhi na barua zinazoliwa na mchwa masandukuni, na katika vinywa vya wazee wanaopungua kila mwaka.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wanafunzi wa zamani, msichome karatasi za marehemu wazazi wenu, zileteni shuleni. Nanyi vijana, wakati wa likizo mwendeeni mzee mmoja na daftari. Andikeni alivyosema, si mlivyotaka aseme, tena kwa Kisukuma chake kabla ya kutafsiri. Wekeni tarehe na jina la mwandishi, ili atakayesoma kesho aweze kuwapima nanyi.