Afisa wa Akiba



Charles Lightoller ndiye afisa mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliookoka Titanic ilipozama mwaka 1912. Alikuwa katika akiba ya Jeshi la Maji la Uingereza, na vita vya 1914 vilipozuka aliitwa. Julai 1918 manowari yake, Garry, iliigonga na kuizamisha UB-110, manowari ya Kijerumani iendayo chini ya maji.

Akarudi kwenye kampuni yake ya meli, White Star. Unahodha hakupewa kamwe. Sisi makarani twajua kungoja barua ya namna hiyo! Akajiuzulu, akalaza wageni nyumbani na kufuga kuku.

Juni 1940 askari walikwama Dunkirk. Serikali ikaitaka mashua yake, Sundowner. Akajibu kwamba ataipeleka mwenyewe, naye ana miaka 66. Akavuka pamoja na mwanawe na kijana mmoja, ndege zikiwashambulia. Mashua isiyopata kubeba zaidi ya watu 21 ikarudi Ramsgate na askari wapatao 130, wamepakiwa hata bafuni.

Baadaye aliunda mashua za polisi wa mto Thames. Alifariki mwaka 1952.