Haki ya Jicho kwa Mwenye Kisukari



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyetuneemesha kwa masikio, macho na nyoyo ili tupate kushukuru. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake, na kila anayefuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, tumetakiwa tuzungumze juu ya kisukari na macho. Huenda baadhi yenu mkauliza, mwalimu wa madrasa ana lipi la kusema katika jambo la matabibu? Jibu letu ni kwamba ugonjwa tunaupokea kutoka kwa wanaoujua. Lakini wako Waislamu wanaopofuka kwa kuifahamu vibaya dini yao, na hao ni dhima yetu sisi walimu.

Mnaijua habari ya Abdullah bin Amr (R.A.), aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume (S.A.W.) alimkataza, akamfahamisha kuwa mwili wake una haki, jicho lake lina haki, na mkewe ana haki. Imepokewa na Bukhari. Zingatieni kwamba jicho ni sehemu ya mwili, na bado likatajwa peke yake. Basi ikiwa hata ibada ya sunna haikukubaliwa kuwa sababu ya kulinyima jicho haki yake, itakuwaje uzembe, woga na uzushi?

KISUKARI KINAVYOLIDHURU JICHO

Nyuma ya jicho pana utando mwembamba uitwao retina. Huo ndio unaopokea mwanga na kuupelekea ubongo habari za tunachokiona. Utando huu hulishwa na mishipa ya damu iliyo myembamba mno. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hudhoofika: mingine huvuja, mingine huziba. Pale palipokosa damu huota mishipa mipya, lakini ni mishipa dhaifu. Hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, au hufanya makovu yanayoivuta retina mpaka ikabanduka. Na maji yakituama katikati ya retina, mahali panapotumika kusomea, herufi hufifia na mistari huonekana imepinda. Zaidi ya hayo, kisukari huharakisha mtoto wa jicho na huongeza hatari ya presha ya jicho.

La kutisha zaidi ni kwamba madhara haya huanza bila maumivu na bila dalili. Mtu husoma msahafu wake vizuri ilhali retina imekwisha kuanza kuharibika. Siku anapoona nyuzi nyeusi zikielea, au pazia limeshuka ghafla, mara nyingi ugonjwa umekuwamo kwa miaka. Kwa hiyo anayesema, "Nikianza kuona vibaya nitakwenda hospitali," ameweka miadi na ugonjwa uliokwisha komaa. Wala kununua miwani si kupima jicho, kwani miwani haionyeshi hali ya mishipa iliyo nyuma ya jicho.

YANAYOTUCHELEWESHA

Kwanza, ni kusingizia uchawi na majini. Macho ya mzee yakififia, jamaa huenda kwa mganga. Huandikiwa kombe, huvalishwa hirizi, na miezi hupita. Hirizi ni jambo lililokemewa na Mtume (S.A.W.). Ama ruqya ya kisharia ipo, lakini hakuna dalili yoyote kwamba anayesomewa amekatazwa kutibiwa.

Pili, ni kuifahamu vibaya qadari. Husemwa, "Allah akitaka nitaona." Naam, lakini mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake aliamrishwa amfunge kisha ategemee, ameipokea Tirmidhi. Wengine hutoa hoja kwa hadithi ya Anas (R.A.) iliyo katika Bukhari, kwamba mja akijaribiwa kwa kuondokewa na macho yake mawili akasubiri, malipo yake ni Pepo. Hadithi hiyo ni faraja kubwa kwa aliyefikwa na mtihani, nasi tunawaheshimu ndugu zetu wasioona, Ibn Ummi Maktum (R.A.) alikuwa mwadhini wa Mtume (S.A.W.) naye haoni. Lakini subira ni ya msiba uliokushukia. Msiba ulioweza kuuzuia ukauacha uje, huo una hesabu yake.

Tatu, ni asali. Qur'ani imetaja kuwa ndani ya asali mna ponyo kwa watu, nasi tunaamini hivyo. Lakini asali hupandisha sukari ya damu, na anayeinywa kwa vikombe akaacha vidonge au insulini anajidhuru, kisha analibebesha Neno la Allah kosa lake.

Nne, ni uvumi kwamba leza hupofusha. Uhakika wake ni huu: katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 1976, leza ilipunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu kwa wenye mishipa mipya dhaifu. Kazi yake ni kulinda nuru iliyobaki. Kwa kawaida hairejeshi iliyokwisha kupotea. Wetu wengi huenda jicho likiwa limekaribia kuzimika. Likizimika, leza ndiyo inayolaumiwa.

Tano, ni dhulma ndani ya nyumba. Yuko mke mwenye kisukari anayeomba ruhusa na nauli ya kwenda kliniki, akaambiwa asubiri mavuno, kisha asubiri Idi. Enyi waume, kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

WAJIBU WETU

Usama bin Sharik (R.A.) amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) aliwaamuru waja wa Allah wajitibu, kwani hakuna maradhi yasiyowekewa dawa ila uzee. Wahenga wetu waliifanyia kazi amri hiyo. Ali bin Isa al-Kahhal wa Baghdad aliandika kitabu cha tiba ya macho kilichosomwa kwa karne nyingi, na Ammar al-Mawsili alimfyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu yapata miaka 1000 iliyopita. Umma uliowazaa hao haustahiki kulipeleka jicho kwa mpiga ramli.

Kwa hiyo, mwenye kisukari cha ukubwani apimwe macho mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ndani ya miaka mitano. Na mjamzito mwenye kisukari asingoje. Hutiwa matone ya kupanua mboni, nayo huweza kuleta ukungu kwa saa kadhaa, basi aende na mtu wa kumwongoza. Huduma za macho zipo Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, KCMC kule Moshi, na katika hospitali nyingi za mikoa. Kinga nayo ina nguvu: utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kudhibiti sukari vizuri zaidi kulipunguza madhara ya mishipa midogo kwa robo, na kudhibiti shinikizo la damu kukalinda macho pia.

Asitoe mtu udhuru wa Ramadhani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa matone ya macho hayabatilishi saumu, wala sindano isiyo ya lishe. Na mwaka 2009 likawagawa wagonjwa wa kisukari katika makundi manne, likawakataza kufunga wale walio katika hatari kubwa. Anayekula kwa udhuru huo anatii, wala hana haja ya kuona haya mbele ya jirani.

Ndugu zetu, mkitoka hapa kila mmoja awahesabu wenye kisukari katika nyumba yake, na aulize: jicho lake lilitazamwa lini? Kama ni zaidi ya mwaka, au hajapata kutazamwa, apelekwe mwezi huu. Asiye na nauli asaidiwe na jamaa wa msikiti wake. Fakiri mgonjwa ana fungu lake katika zaka.

Tunamuomba Allah (S.W.) atustareheshe kwa masikio yetu, macho yetu na nguvu zetu maadamu tu hai, awaponye wagonjwa wetu, na awape subira na malipo mema waliokwisha kuondokewa na nuru. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.